Masaa manne, mchezo mmoja: familia iliyoenda bustani ya michezo na bebi wa miezi 5 na dada yake wa miaka 6

Kabla sijaanza

Wenye kisa wameniruhusu nikieleze ila nimebadilisha vitu vidogo vidogo wasijulikane, majina hamna na bustani yenyewe siitaji, kwahiyo ukidhani unawajua pengine unakosea. Niliongea na mama na baba kila mtu kivyake, siku tofauti, na kilichonishangaza ni kwamba kila mmoja ana siku yake. Mama anasimulia siku ya jua na bebi. Baba anasimulia siku ya foleni na begi. Hakuna hata mmoja aliyeanza na yule binti, na safari nzima ilikuwa ya kwake.

Familia na mipango yao

Watu wanne. Bebi ana miezi 5, ananyonya tu, chakula bado. Dada mtu ana miaka 6 na kitu, na tangu mdogo wake azaliwe neno analosikia zaidi ni "subiri kidogo". Safari aliahidiwa tangu mama akiwa mjamzito, na yeye kichwani alikuwa na kitu kimoja tu, rola kosta kubwa aliyoiona kwenye video, ile treni ya kuchezea inayokimbia kwenye reli na kupinduka juu chini. Urefu wa chini wa kuruhusiwa kuipanda ni sentimita 122. Baba akampima ukutani nyumbani akapata 122 na chenji, ila alimpima na raba za soli nene na nywele zimefungwa fundo utosini. Kumbuka hilo fundo.

Mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Geti linafunguliwa saa 3 asubuhi, wafike saa 2 na nusu, wakimbilie rola kosta kabla watu hawajajaa, maana lisaa la kwanza ndo foleni zinakuwa fupi kuliko muda wote wa siku. Halafu mama akaweka sheria moja: leo hatutengani. Ukisikia hivyo unaweza kumwona mkaidi lakini msikilize kwanza. Kwa miezi 5 nyumba yao imekuwa ya zamu, baba na mkubwa huku, mama na mdogo kule, hata kula wanakula kwa kupishana. Alitaka siku moja tu wawe wanne sehemu moja. Hiyo sheria ndo iliyokuja kuharibu nusu ya siku, na mpaka leo siwezi kumlaumu kwa kuitaka.

Siku ilivyokwenda

Saa 2 na nusu walikuwa bado nyumbani. Bebi alinyonya kwa muda mrefu, wakati wanatoka pampasi ikavuja mpaka mgongoni, wakarudi kumbadilisha, dada mtu ameshavaa begi lake amesimama mlangoni. Getini wamefika saa 4 na nusu. Lisaa la dhahabu limeshapita zamani.

Mpaka watafute choo, wabadilishe pampasi tena na kusukuma kigari cha bebi kupanda kilima, imefika saa 5 na dakika 10 ndo wako mbele ya rola kosta. Mhudumu pale mlangoni ana fimbo ya kupimia. Akamwomba binti avue kofia, akasogeza fundo la nywele pembeni, akashusha kipimo mpaka kikagusa fuvu. 120 na nusu. Baba akaanza kujieleza eti nyumbani tulimpima, eti ni sentimita moja tu jamani, eti mimi mzazi wake nakubali. Mhudumu akatikisa kichwa kwa upole, hakuongeza neno. Binti alilia kama dakika 20, na si kilio cha kelele, kile cha kimya cha mtu aliyekaa chini.

Bebi naye akaona njaa. Wakakaa kwenye benchi mama anyonyeshe, ikafika saa 6. Kutoka hapo wakachagua rola kosta ndogo, kipimo 102, wakaingia foleni wote wanne, bebi kifuani kwa mama kwenye kibebeo. Dakika 50 nusu kivuli nusu jua. Kufika mbele kabisa wanaambiwa bebi hapandi, mmoja abaki naye. Mama akatoka kwa mlango wa pembeni na bebi aliyelowa jasho, baba na binti wakapanda. Dakika 3, imeisha.

Sasa jua liko utosini. Mama akamlaza bebi kwenye kigari na akafunika kwa shuka jepesi ili jua lisimpige. Baada ya muda, mama mwingine ambaye hawamjui aliyekuwa anapita na watoto wake akawaambia hebu funua uweke mkono humo ndani. Akaweka mkono. Kulikuwa kama ndani ya gari lililofungwa vioo. Bebi mwekundu, mlegevu, alipopewa ziwa alinyonya kivivu. Wakakimbilia chumba cha kina mama na watoto, kina ubaridi, viti vya kunyonyeshea, meza za kubadilishia. Walikaa humo kuanzia saa 7 na dakika 10 mpaka saa 8 na dakika 20. Wote wanne, kwa sababu leo hatutengani. Bebi akavuliwa akabaki na pampasi, akapoa, akanyonya vizuri, akakojoa, akaanza kucheka. Dada mtu alikuwa amekaa chini kwenye kona na simu ya baba lisaa lizima na dakika 10.

Walipotoka nje wakapita kwa muuza maputo, binti akaomba, baba akasema ngoja kwanza tumweke bebi vizuri. Hapo ndo ikapasuka. Akavuta chuchu bandia ya bebi akairusha kwenye majani, akasema kwa sauti watu wote wakageuka: "Mrudisheni nyumbani! Mimi nimekuja mwenyewe!"

Piga hesabu. Saa 4 na nusu mpaka saa 8 na nusu. Masaa manne, mchezo mmoja, dakika tatu.

Maamuzi waliyofanya na sababu zake

La kwanza ni kutengana, na aliyesema ni mama mwenyewe. Baba alishaanza hotuba ya adabu, kurusha vitu vya mdogo wako siyo tabia nzuri, mama akamgusa mkono akasema mpe bebi baba, mimi naenda na huyu. Nilimuuliza kwa nini yeye, si ingekuwa rahisi baba aendelee na mkubwa yeye abaki na mdogo kama kawaida? Akanijibu, "Kawaida ndo tatizo. Baba yake anamwona kila siku. Mimi ndo nilipotea."

La pili ni maziwa. Asubuhi mama alikuwa amebeba maziwa aliyojikamulia, chupa 2, kwenye begi dogo la ubaridi lenye pakiti za barafu iliyoganda. Alibeba kama akiba tu, hakudhani yatatumika. Bila hizo chupa uamuzi wa kwanza usingewezekana kabisa.

La tatu, walipanga kukutana saa 11 na robo "pale kwenye chemchemi".

Na la nne, baba akiwa na bebi amelala kifuani alipita ofisi ya huduma kwa wageni, akauliza swali ambalo wangeuliza asubuhi: sisi wenye mtoto mchanga tunapandaje hizi bembea? Ndo akaambiwa kuna utaratibu wa kupokezana. Anasema alitamani kukaa chini.

Matokeo

Mama na binti walipanda michezo 4 kwa masaa mawili na nusu. Mmojawapo ni wale farasi wa kuzunguka, walipanda mara mbili mfululizo kwa sababu binti alitaka na hakukuwa na wa kumwambia asubiri. Puto akanunuliwa.

Baba alitafuta kivuli na bebi akalala kifuani lisaa na nusu, akaamka akapewa chupa. Kwa kauli yake hayo ndo masaa mazuri zaidi ya siku nzima, hakusukuma kitu wala hakupanga foleni.

Saa 11 na robo hawakuonana. Bustani ina chemchemi mbili. Simu ya baba haikuwa na chaji, unakumbuka ilikuwa na nani pale chumbani. Wamekuja kukutana dakika 25 baadaye mama akiwa ameanza kutetemeka. Baada ya hapo wakarudi kwenye ile rola kosta ndogo, safari hii kwa kupokezana, binti akapanda na baba, akashuka, akapanda tena na mama bila kupanga foleni mpya. Mara mbili! Alishuka anaruka ruka.

Jioni kulikuwa na fataki. Vikinga sauti vya masikio ya bebi hawakuwa navyo, kwahiyo baba akatangulia na bebi mpaka karibu na geti, mbali na spika, mama na binti wakabaki kuangalia. Walitoka saa 2 usiku. Bebi salama, hakuhitaji daktari. Siku iliyofuata binti alimsimulia bibi yake na simulizi ilianza hivi: "Tulisubiri bebi anyonye, halafu tukasubiri bebi alale, halafu nikaenda na mama."

Uchambuzi: kilichoharibika

Watu wakisikia kisa hiki wanakimbilia kwenye shuka na kigari, na kweli lile ndo lilikuwa la hatari kuliko yote, nitalisema. Ila mimi naanza na fimbo ya kupimia.

Kipimo cha urefu hakipimi ujasiri na wala siyo cha kubembeleza. Vile vyuma na mikanda ya kwenye kiti vimetengenezwa kushika mwili wa ukubwa fulani, ukiwa mfupi zaidi unaweza kuchomoka bembea inapogeuka au kufunga breki, na mhudumu hana mamlaka ya kukusamehe hata nusu sentimita. Bustani nyingi zina ngazi zinazofanana, utakutana na 102, 112, 122 mara kwa mara, na zimeandikwa kwenye tovuti na ramani zao. Kwahiyo mpime mtoto nyumbani bila viatu, nywele zimelala, kitabu kigumu kimelala sawa kichwani kikigusa ukuta, halafu akiwa kwenye mpaka mwambie ukweli kabla hamjaondoka. Baba hakudanganya, alipima akitafuta jibu analolitaka. Binti aliyeahidiwa miezi mingapi sijui akaja kuambiwa na mtu baki mbele ya watu kwamba hajatosha. Angeambiwa wiki moja kabla angelia sebuleni, yakaisha, wakachagua pamoja mchezo mwingine wa kuutamani.

La pili ni kutouliza. Kupokezana kunakwenda hivi: mnafika wote mlangoni mnamwonyesha mhudumu bebi, mzazi mmoja anapanda na mkubwa huku mwingine amekaa kivulini na mdogo, wakishuka mnabadilishana, na huyu wa pili haanzi foleni upya. Na mara nyingi mtoto mkubwa anaruhusiwa kupanda tena na mzazi wa pili. Kwenye bustani za Disney kunaitwa Rider Switch, Universal wanaita Child Switch, kwingine wana majina yao lakini ukisema tuna mtoto mchanga tunataka kupokezana wanakuelewa. Angalia maana yake kwa dada mtu: kitu pekee siku hiyo ambacho anakipata kwa sababu ana mdogo, siyo anachonyimwa kwa sababu ana mdogo. Saa 6 mchana wangeujua huo utaratibu bebi asingekaa dakika 50 kwenye foleni na binti angepanda mara mbili. Na usipange kumtuma mtoto apande peke yake, maana kwa mfano Disney kule Marekani mtoto chini ya miaka 7 lazima apande na mtu wa miaka 14 au zaidi, hivyo hesabu ya watu wazima ni muhimu kweli.

Haya, shuka. Kitambaa juu ya kigari kinazuia jua lakini kinazuia na hewa, joto linajikusanya humo ndani na wewe uliyesimama nje kwenye upepo huwezi kujua. Mtoto mchanga anapata joto haraka kuliko mtu mzima na bado hajui kutoa jasho vizuri la kumpoza. Tumia mwavuli wa kigari wenye pande zilizo wazi, au kaa kivulini, basi. Na huyu alikuwa chini ya miezi 6, umri ambao madaktari wa watoto wanashauri kivuli na nguo kwanza kabla ya losheni ya jua, na ambao anayenyonya hapewi maji ya kunywa hata kukiwa na joto kali, anaongezewa kunyonya. Kibebeo cha kifuani nacho ni joto la miili miwili, watu wanasahau. Cha kuangalia ni kama bebi amelegea, hanyonyi, utosi umebonyea, au masaa 6 yamepita pampasi kavu, hapo bustani imeisha unatafuta daktari. Huyu wao aliwahiwa na macho ya mpita njia, na ndo maana mama akisimulia anaanzia hapo kila mara.

Halafu lile la "hatutengani". Niliuliza binti alipata nini kwa kukaa chumbani na wenzake lisaa na dakika 10. Mama alinyamaza. Kuwa sehemu moja siyo kuwa pamoja, wawili walikuwa wanamhudumia mmoja na mwingine alikuwa na simu. Bebi hakuhitaji watu wote hao, alihitaji ziwa na ubaridi. Baba angetoka na binti pale pale saa 7 na dakika 10, hata kama ni kwenda kutazama bata bwawani, sidhani kama chuchu ingerushwa. Na mkiangalia vizuri bebi hakuchosha siku, bebi alifanya yale anayofanya kila siku, kunyonya, kulala, kukojoa. Aliyetumia siku yake kulipia hayo ni dada mtu, na hakuna aliyekuwa anahesabu dakika zake.

Kuchelewa asubuhi sitalijadili sana, mwenye bebi anajua. Ila kama huwezi kufika kwa saa ya kwanza basi usipange siku inayotegemea saa ya kwanza.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Maziwa. Ya kujikamulia yanakaa mpaka masaa 4 sehemu isiyozidi nyuzi 25, na siku yenyewe ilikuwa ya joto zaidi ya hapo, kwahiyo begi la barafu lilikuwa lazima, humo barafu ikiwa imeganda vizuri yanaweza kukaa mpaka masaa 24. Kwa anayetumia ya kopo ni tofauti, ukishakoroga una masaa 2, na bebi akianza kunywa una lisaa 1, kwahiyo beba unga na maji mbalimbali. Zile chupa 2 ndo zilimpa mama miguu.

Mama kwenda na mkubwa. Hili lingekuwa rahisi kulikosa maana mpangilio wa nyumbani unavuta, mnyonyeshaji na anayenyonya. Ila binti hakuwa anataka rola kosta tu pale mwishoni.

Kutomwadhibu palepale wengine hawatakubaliana na mimi. Baba mpaka leo anaona ilikuwa zawadi ya utundu, kurusha kitu halafu unapelekwa kwenye farasi. Namwelewa. Lakini mtoto wa miaka 6 aliyesubiri masaa manne akasema kwa sauti kitu cha kweli, sioni utundu mkubwa hapo, na chuchu aliambiwa akaiokote, akaiokota.

Baba kuondoka na bebi kwenye fataki pia ilikuwa sawa, masikio ya mtoto mchanga ni madogo na mlio unamwingia kwa nguvu zaidi kuliko wewe. Na lile la kuandika namba ya simu kwa kalamu kwenye mkono wa binti asubuhi ni zuri, ingawa namba waliyoandika ni ya baba. Ile ile isiyo na chaji.

Mara ya pili

Walirudi baada ya miezi minne. Bebi anakaa, anakula uji, amebebewa vikinga sauti vyake. Safari hii waligawana tangu getini, lisaa la kwanza mama na mkubwa, saa 6 mpaka saa 9 ya jua kali wote ndani kwenye ubaridi, makutano mlango wa choo kikubwa ambao ni mmoja tu, namba za simu zote mbili mkononi. Walichelewa tena asubuhi, pampasi tena.

Fimbo ilisema 122. Binti akapita, wakapanda ngazi na baba mpaka juu kabisa pale watu wanapokaa kwenye viti, akaitazama ile rola kosta ikiondoka na watu wanapiga kelele, akamgeukia baba akamwambia hapana. Baba akapanda peke yake. Dada mtu akashuka kumsubiri kwenye mlango wa kutokea pamoja na mama na bebi, na baba alipotoka kichwa kikimzunguka, binti akamwambia, "Umechelewa sana, mwenzio amelala."